Mlima wa Walima

Tuseme ukweli kabla hatujafika mbali: Unguja haina mlima. Ina vilima viwili vitatu ambavyo mgeni huvipita bila kujua kwamba amepanda. Hata mtaa wa Kikwajuni umejigawa Juu na Bondeni kwa majivuno tu, maana ukiliweka chungwa barabarani Kikwajuni Juu litakaa pale pale mpaka lioze. Ndiyo maana mtaa uliacha shughuli zake asubuhi ile Mzee Thuwaini alipotoka mlangoni kwake amevaa raba mpya za mtumba, kikoi kimefungwa juu ya suruali, bakora mkononi, na mkewe Bi Wanu nyuma yake amebeba chupa ya chai. Walipoulizwa safari ya wapi, mzee alijibu kwamba wanakwenda kufanya mazoezi ya kupanda mlima.

Jirani yao Ulfat, ambaye habari ya mtaani ikimpita huona ameibiwa, alimvuta Bi Wanu pembeni akamuuliza kwa upole kama mzee hajambo kichwani. Bi Wanu akasema hajambo kabisa. Hakusema zaidi, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wake yeye.

Habari yenyewe ilianza mbali kidogo. Binti yao wa pekee, Afra, alikwenda kusoma chuo kule Tunguu, na pamoja na shahada akarudi na mchumba. Kijana aliitwa Munir, Msambaa wa Lushoto, mwalimu, mswalihina, mpole. Mzee Thuwaini alimtafuta kasoro wiki nzima asiione, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mwishowe akatangaza kwamba hawezi kumuoza mwanawe kwa mtu anayetoka mahali ambapo maji ya kunywa yanateremka kutoka juu ya vichwa vya watu. Aliyasema hayo kama hakimu anayesoma hukumu, na mpaka leo hakuna aliyejua maana yake.

Bi Wanu alicheka kwa hasira siku ile. Yeye ni Mtumbatu, na miaka thelathini na mbili nyuma mama yake Thuwaini, bibi wa mjini mwenye nasaba ya Kiarabu aliyoitaja kabla ya kusalimiwa, alikataa asiolewe na mwanawe kwa hoja kwamba anatoka kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji. Kana kwamba Unguja imezungukwa na uji.

Siku ya nikaha, Mzee Thuwaini alimpa uwakili mdogo wake Amjad kwa maneno manne, akachukua kikapu na kwenda Darajani kununua samaki. Bwana harusi aliozeshwa msikitini wakati mkwewe anabishania bei ya nguru. Alirudi na nguru mkubwa kupita kiasi, nyumba nzima wako harusini, hakuna wa kumpika wala wa kumla. Paka wa Kikwajuni walipata tabia mbaya wiki nzima. Afra akaondoka kwenda kwa mumewe bila kumbusu baba yake mkono, na hajarudi tena, mwaka na miezi minane sasa. Simu humpigia mama.

Lakini yule Msambaa alikuwa na lake. Alikataa kufanya walima, ile karamu anayochinja bwana harusi baada ya kuoa, mpaka mkwewe awepo na ale kwa mkono wake. Tarehe iliwekwa mara mbili, na mara mbili Mzee Thuwaini aliugua goti. Mara ya tatu Afra alituma sauti kwenye simu ya mama yake: "Mama, mwambie Baba. Jumamosi ya mwisho ya Novemba, walima. Safari hii Munir atachinja, Baba awepo asiwepo. Na mimi sitamwomba tena."

Bi Wanu aliisikiliza mara ya kwanza jikoni, akalia kidogo kwenye upawa. Mara ya pili alikuwa sebuleni, na alipofika kwenye neno "walima" mumewe akaingia. Akaizima haraka.

"Mlima?" mzee akauliza. "Mlima gani?"

Hapo inabidi tueleze habari ya sikio. Mzee Thuwaini aliugua matumbwitumbwi mwaka wa pili wa ndoa, na sikio lake la kulia likafa. Ukoo mzima unajua: ukitaka akujibu kaa kushotoni, ukitaka amani kaa kuliani. Bi Wanu hulala upande wa kulia, na kwa miaka thelathini amelifanya sikio lile kasha lake la siri. Yote asiyoweza kumwambia mumewe alimwambia pale pale, ubavuni pake, kwa sauti ya kawaida, kisha akalala vizuri.

Basi alifungua kinywa amsahihishe, lakini akauona uso wa mzee. Haukuwa umefungika kama unavyofungika kila likitajwa jina la Munir. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri. Uongo ukamtoka Bi Wanu wenyewe, umevaa na kujipamba.

"Mlima wa kwao Lushoto," akasema. "Wanataka tukapande nao. Ila Munir anasema wewe hutaweza, ati watu wa visiwani hawana magoti."

Mzee Thuwaini alinyanyua kikombe, akanywa kahawa iliyokuwa imekwisha, akakiweka chini.

"Ananambia mimi sina magoti," akasema. Kesho yake alikwenda kununua raba.

Sasa mwanamke alikuwa na majuma matatu na mlima usiokuwepo. Akapanga kwamba ukweli atautoa kwenye boti ya Dar, mtu akiwa hana pa kushukia. Kisha akafikiri: na akikasirika, akapanda boti ya kurudi? Na akivumilia mpaka Lushoto, akafika akaona ng'ombe amefungwa na masufuria ya pilau, akageuza mgongo mbele ya wakwe? Hiyo ingekuwa mbaya kuliko kutokwenda. Afra angeshuhudia baba yake akiondoka mara ya pili. Kila Bi Wanu alipofika hapo katika mawazo yake alichukua sindano na kushona kofia.

Kofia yenyewe ilikuwa ya Munir, ya viua vidogo vidogo, kazi ya miezi mitatu. Alimwambia mumewe ni ya mteja. Siku moja mzee aliichukua akaijaribu, ikamshukia mpaka kwenye nyusi, maana kichwa chake ni kidogo ingawa hapendi kuambiwa. Akaitazama ndani, akamrudishia. "Mteja wako ana kichwa," akasema, akatoka zake.

Wakaanza na kilima cha Welezo. Kabla hawajaondoka mzee alisimama uwanjani, akanusa hewa, akatazama mawingu na kutangaza kwamba hakuna mvua mpaka alasiri. Yeye alifanya kazi miaka thelathini ya kupima mvua: kila asubuhi alikwenda kwenye kile kichupa cha bati, akasoma imenyesha kiasi gani jana, akaandika. Kwa kuwa alijua sana mvua iliyokwisha kunyesha, aliamini anaijua na inayokuja. Ilinyesha saa mbili na robo asubuhi. Walipanda Welezo wameloa mpaka kwenye mifupa, na walipofika juu, kama pale panaitwa juu, jua likawaka kana kwamba halijafanya kitu.

Bi Wanu alikaa kwenye jiwe akikamua buibui lake. Mzee alisogea mbali, akampa mgongo, akasimama akiitazama bahari na kunong'ona. Mkewe akadhani anavuta uradi, akamwachia. Baadaye mzee alirudi amenuna, akamwaga chai yake majanini na kusema turudi.

Juma la pili walikwenda Kidichi. Vuli mwaka huu haikuwa na adabu: mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi kama mtu aliyesahau funguo. Walivua makoti, wakayavaa, wakayavua. Mwavuli waliokuwa nao ulipinduliwa na upepo ukawa bakuli. Mzee alipanda kwa kasi ya mtu anayedaiwa na kilima, mkewe nyuma anahema na kumlaani Munir kwa maneno ambayo Munir hajawahi kuyasema. Kwenye mashamba ya karafuu walimkuta mkulima mmoja anakata majani, wakatoleana salamu, akawauliza wanatafuta nini.

"Mlima," mzee akasema.

Mkulima akageuka, akanyoosha panga. "Mshaupita. Uko kule nyuma."

Bi Wanu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mzee hakucheka, lakini alimpa mkono kumnyanyua, wakarudi nyuma, na hakuuachia mpaka juu. Miaka mingi walikuwa hawajashikana mikono mchana mbele ya watu, tena wakubwa wenye haya zao, na Bi Wanu alijikuta anafurahi kiasi cha kuona aibu. Kule juu mzee akampa mgongo tena, akasimama kunong'ona, safari hii muda mrefu zaidi. Aliporudi hakuwa amenuna sana.

Kikwajuni kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kuipata habari na kuipindua. Wako waliosikia kwamba Mzee Thuwaini anakwenda mlima, na wako waliosikia kwamba kina Thuwaini siku hizi walima, wana shamba jipya, na mtu mmoja alifika hadi mlangoni kuuliza kama muhogo uko tayari. Bi Wanu alimjibu bado. Uongo mmoja zaidi haukumpunguzia kitu.

Alhamisi ya mwisho, tikiti za boti zimekwisha kukatwa, safari kesho, walikwenda Masingini. Mzee alikuwa ameuweka Masingini mwisho kwa heshima, maana ndicho kirefu kuliko vyote. Ukungu ulikuwa umelala kwenye miti. Akanusa hewa, akasema leo kutakuwa kukavu. Bi Wanu akaufunga mtandio vizuri na kuweka simu kwenye mfuko wa nailoni.

Alikuwa ameamua. Leo, juu ya Masingini, atasema. Kama ni kununa, anune huku msituni asikoonwa na wakwe. Alipanda akiyapanga maneno, na kwa kuwa alikuwa akipanga maneno hakuutazama mzizi. Mguu ukaingia chini yake, mwili ukaenda upande wa pili, na Mtumbatu mzima akateremka kwa makalio hatua kumi alizozipanda kwa jasho. Mvua ikaanza hapo hapo.

Mzee aliteremka mbio, akapiga goti kwenye tope, akaushika mguu, akaubonyeza hapa na pale. "Haujavunjika. Umeteguka," akasema. Akatazama juu, ambako kilele kilikuwa kimebaki mwendo wa dakika tano, na akatazama chini, ambako barabara ya lami ilikuwa mbali. Kisha akageuka, akachutama, akampa mgongo.

"Panda."

Bi Wanu alimwambia asifanye ujinga, ana miaka sitini na nne na yeye si mwanamke mdogo. Mzee akajibu kwamba ameambiwa hana magoti na anataka kuyajua. Akamweleka kama mtoto. Akasimama kwa kuguna, akayumba, bakora ikazama robo yake, lakini akasimama. Wakaanza kuteremka, hatua moja baada ya nyingine, mvua inawapiga, chai imemwagika, heshima ya watu wazima imebaki juu kule kwenye mzizi.

Mdomo wa Bi Wanu ulikuwa umeegemea sikio la kulia. Lile bovu. Akaona hiyo ni bahati: aliseme lote hapa kwanza, kwa mazoezi, kisha wakifika barabarani alirudie kwenye sikio la kushoto, likiwa limekwisha kulainika kinywani.

"Baba Afra," akasema, "hakuna mlima. Ni walima. Munir hajasema lolote juu ya magoti yako, nlitunga mimi. Wanakungoja wewe ndio wachinje. Na usipokwenda safari hii mtoto hatatuomba tena, na mimi sijui ntaishi vipi na hilo. Nnakuogopa wewe na kichwa chako kidogo. Basi."

Mzee alikwenda hatua kama kumi. Alikuwa anahema.

"Nshajua," mzee akasema.

Mvua ilinyesha. Bi Wanu aliyapima maneno yale, akatazama upande gani wa kichwa ameegemea. Ulikuwa wa kulia.

"Sikio hili si bovu?"

"Lilipona."

"Lini?"

"Mwaka ule ule. Baada ya mwezi hivi." Akampandisha vizuri mgongoni. "Mama yako alikuwa kaja kukaa na sisi. Nkaona niliache lipumzike kidogo. Kisha nkaona raha yake."

Miaka thelathini ikampita Bi Wanu kichwani, usiku mmoja baada ya mwingine. Yote aliyoyasema juu ya mama mkwe. Yote aliyoyasema juu ya Ulfat. Ile habari ya joho la marehemu baba yake Thuwaini, lililodaiwa kuliwa na panya, ambalo kwa hakika alilichoma yeye kwa pasi.

"Na joho nnalijua," mzee akasema, kama aliyekuwa akihesabu naye.

Bi Wanu alitaka kukasirika lakini hakuwa na mahali pa kukasirikia, maana mtu aliyemkasirikia ndiye aliyembeba. Akamuuliza, basi kwa nini. Na mzee, akiteremka na kuteleza na kusimama tena, akamweleza kidogo kidogo. Siku ile alikuwa mlangoni tangu mwanzo, sauti ilipopigwa mara ya kwanza jikoni. Alisikia neno lote, mpaka pale mtoto aliposema hataomba tena. Aliingia ndani hajui la kusema. Angesema anakwenda walima, Kikwajuni nzima ingemuuliza, wewe Thuwaini si ndiye uliyekwenda kununua samaki? Akajikuta anatamka mlima, akamtazama mkewe aone atafanya nini. Kwenda mlima mtu haulizwi. Mtu anayekwenda mlima ni mwendawazimu tu, na mwendawazimu hana deni la maelezo kwa jirani.

"Hata kofia nliijua," akasema. "Hakuna kichwa kile mjini. Kile ni cha yule Msambaa."

Bi Wanu alijifuta uso kwa mtandio uliolowa, kazi isiyo na faida. "Sasa haya mazoezi yote yalikuwa ya nini? Mimi nshapoteza kucha mbili."

Palikuwa na mteremko mbaya, mzee akaupita kwanza kwa ubavu.

"Ya kusema," akasema. "Nyumbani hayanitoki. Nkafikiri labda juu huko, hakuna mtu."

Ndipo Bi Wanu alipofahamu ule uradi wa juu ya vilima. Hakuwa anavuta uradi. Alikuwa anajaribu kuzungumza na mkwewe.

"Hebu niambie mimi."

"Hayajesha."

"Yaseme hivyo hivyo."

Mzee Thuwaini alisimama katikati ya njia, maji yanamtiririka puani, mkewe mgongoni, akatazama mbele kana kwamba kijana yule amesimama pale kwenye miti.

"Munir mwanangu," akasema. "Siku yako ya nikaha mimi nlikwenda kununua samaki." Akamgeuzia mkewe kichwa kidogo. "Welezo nliishia hapo kwenye Munir. Kidichi nkafika mwanangu. Leo nlikuwa nafika samaki, wewe ukaanguka."

"Malizia."

Akavuta pumzi nyingi, kama anayetaka kunyanyua gunia. "Niwie radhi," akasema.

Bi Wanu aliweka shavu lake juu ya kile kichwa kidogo kilicholowa. Hakusema lolote katika sikio lolote. Wakateremka.

Walipotoka kwenye miti na kukanyaga lami, mvua ilikatika na jua likatoka lote kwa pamoja. Mzee alimkalisha mkewe kwenye kijiwe cha kando ya barabara, akajinyoosha, na mgongo ukalia kama mlango wa zamani. Magoti yalikuwa yanatetemeka lakini yalikuwepo. Kwenye mfuko wa nailoni simu ikaanza kulia.

Ilikuwa Afra. Bi Wanu aliitazama simu, akamtazama mumewe, akaanza kusema kwamba baadaye atamwambia mtoto wao kuwa walikuwa mahali hapana mtandao. Mzee akanyoosha mkono akaichukua. Kwa mazoea aliipeleka kushoto. Kisha akasita, akaihamisha, akaibandika kwenye sikio la kulia.

Sauti ya Afra ikasema mama, vipi hali, mmeamua nini.

"Si mama," mzee akasema. "Ni mimi."

Bi Wanu akasogeza kichwa karibu na simu asikie.

"Baba," Afra akasema, kwa sauti ya juu na polepole, kama alivyofundishwa tangu mdogo. "Jumamosi ni walima. Wa-li-ma. Unanisikia?"

"Nnakusikia," Mzee Thuwaini akasema. "Nlikusikia tangu siku ile. Mwambie mumeo asichinje mpaka nifike."